Somo kwa Wanafunzi wa Mwaka wa Mwisho: Namna ya Kujitayarisha kwa Egzame ya Serikali



Bwana Prefe alituomba sisi viongozi wa wanafunzi, tulio katika mwaka wa mwisho, tuandike somo juu ya namna ya kujitayarisha kwa Egzame ya Serikali. Tulikubali upesi. Kisha tulipokaa na biki mkononi tukaona haya, sababu haiwezekani kuwafundisha wengine kujitayarisha na huku tunaficha jambo tulilolifanya sisi wenyewe mwaka huu. Tukarudi kwake, tukamweleza yote. Alinyamaza, akavua miwani, akasema: "Andikeni na hiyo." Basi tunaanza nayo.

Katika kalasi yetu tuko 31. Buletini za semestre ya kwanza zilipotolewa, 14 kati yetu walikuwa chini ya nusu katika hesabu, na hofu ikaingia kati yetu kama moshi unavyoingia nyumbani mvua ikinyesha: huoni umepitia wapi, unaona tu macho yanawasha. Siku zile mmoja wetu akapata katika simu ujumbe wa mtu asiyejulikana, aliyesema kwamba maulizo yote ya siku nne anayo, pamoja na majibu yake, yametoka Kinshasa. Bei ni dola 5 kwa kila mwanafunzi, kama wako kundi. Wanafunzi 19 wakatoa. Kati ya hao 19, sisi tunaoandika hapa tulikuwamo, na hatutasema kwamba tulisukumwa. Dola 95 zikaenda kwa simu.

Mtu yule alituma ukurasa mmoja wa hesabu, wa kutuonjesha. Akasema mengine yatafuata. Tukangoja. Tukamwita, akasema tuwe na subira, mambo kama hayo hayafanywi kwa haraka. Kisha simu yake haikupita tena. Mwishowe mwalimu wetu wa hesabu aliuona ule ukurasa. Alicheka, lakini si kicheko cha furaha. Akafungua kabati lake, akatoa karatasi moja ya zamani, akaiweka kando ya simu. Maulizo ni yaleyale. Yalikuwa ya miaka iliyopita, na tulikwisha kuyafanya pamoja naye mwezi wa kumi na mbili, kwenye tablo, ulizo kwa ulizo. Hatukuyatambua hata moja.

Feza ile si kidogo kwetu. Dada mmoja alitoa dola 5 za maharagi ya mama yake, zilizokuwa za kumalizia minervali. Alipofukuzwa kwa ajili ya deni, alikaa nyumbani siku nane, na hakuthubutu kumwambia mama yake ukweli. Tulibeba matofali jumamosi mbili kusudi tumlipie, na dada akarudi. Lakini hasara kubwa ilikuwa nyingine. Tangu siku tulipotuma feza mpaka siku tulipojua tumedanganywa zilipita karibu wiki tatu, na katika wiki hizo hatukusoma. Kwa nini usome, ikiwa majibu yako njiani? Wale 12 ambao hawakutoa kitu (na baadhi yao wanasema wazi kwamba hawakutoa kwa sababu tu mfukoni hamkuwa na kitu) waliendelea na kaye zao. Leo wako mbele yetu. Tunawafuata nyuma tukihema.

Tumeeleza hayo kusudi mjue kwamba yanayofuata hapa chini hatukuyapata kwa wema wetu. Tuliyatafuta kwa haraka, kama watu waliochelewa.

EGZAME YENYEWE

Egzame ya Serikali ilianza katika inchi yetu mwaka 1967. Wazazi wetu walisikia majina ya waliofaulu katika redio, sikio limebanwa kwenye kisanduku. Siku hizi matokeo yanakuja katika simu, na anayefaulu anamwagiwa pudra nyeupe mpaka anafanana na mtu aliyeanguka katika gunia la unga. Anapata Diploma ya Serikali, ile watu wanayoiita D6, na bila hiyo mlango wa chuo kikuu haufunguki, iwe Chuo Kikuu cha Goma, iwe ULPGL ya sisi Waprotestanti iliyoanza Goma mwaka 1985, iwe Kinshasa ao Lubumbashi. (Kwenye karatasi za serikali sisi si mwaka wa sita tena, ni wa nne wa humanite, tangu ya saba na ya nane zilipoingizwa katika elimu ya msingi. Lakini mama zetu bado wanasema "mtoto wangu iko sita", na sisi tunaitika.)

Iko na sehemu mbili. Ya kwanza wanaiita nje ya sesio: hapo ndipo disertasio ya Kifaransa inapoandikwa. Ya pili ni sesio yenyewe, siku nne zinazofuatana: siku ya kwanza maarifa ya jumla, siku ya pili sayansi, siku ya tatu lugha, siku ya nne masomo ya opsioni. Katika hizo siku nne hakuna kuandika maneno mengi. Unapewa maulizo na majibu yaliyokwisha kuandikwa, wewe unachagua namba. Na jirani yako hana karatasi kama yako, sababu wanagawa kwa serie mbalimbali. Kwa hiyo yule anayetegemea shingo ndefu atachagua majibu mazuri sana ya maulizo ya mtu mwingine.

Juu ya disertasio tutasema machache, sababu kwetu imekwisha kupita. Hii ni kwa wadogo wetu wa tano, nao wana mwaka mzima. Wengi wetu tulikuwa tumekariri utangulizi mmoja mzuri, wa kuanza na "tangu dunia iwe dunia", tukifikiri utaingia mahali popote. Hauingii. Anayesahihisha amekwisha kuusoma mara mia kabla ya saa nne ya asubuhi. Jambo la kwanza ni kusoma somo lenyewe mara tatu na kupiga mstari chini ya neno linaloamuru: wanaomba ueleze, ao ukubali, ao upinge, ao ulinganishe? Mwenzetu mmoja mwenye akili nyingi, ambaye katika Kifaransa alikuwa wa kwanza ao wa pili miaka yote, aliombwa kujadili, yeye akaeleza. Kurasa nzima za Kifaransa safi, na yote nje ya somo. Kwa nini? Alikuwa hajalala usiku mbili. Tutarudi kwa habari ya usingizi.

NAMNA YA KUFANYA ULIZO

Tuchukue mfano mmoja tulioutunga pamoja na mwalimu. Wanakupa fonksio f(x) = x² − 6x + 5, wanauliza thamani yake iliyo ndogo kuliko zote. Majibu: 1) 3, 2) 5, 3) −4, 4) 32, 5) −9.

Yule asiyejitayarisha anaangalia majibu matano kama mtu anayechagua ndizi sokoni: hii inaonekana nzuri. Lakini angalieni vizuri, majibu ya uongo hayakuokotwa njiani. Kila moja ni kosa la mwanafunzi fulani. Derivée ni 2x − 6. Inakuwa sifuri x ikiwa 3. Anayeishia hapo anaona 3 iko katika orodha, anafurahi, anaichagua, na anakosa. Hawakuuliza x, waliuliza thamani ya fonksio. Anayekosea alama na kuweka −3 anapata 9 + 18 + 5, yaani 32, na tazama, nayo iko. Anayesahau kuongeza 5 mwishoni anapata −9. Anayeweka sifuri mahali pa x anapata 5. Jibu ni 9 − 18 + 5, yaani −4, namba 3.

Tulipoelewa jambo hili, namna yetu ya kusoma ilibadilika. Kuona jibu lako katika orodha si alama kwamba umepata. Siku hizi katika kundi letu, kila ulizo la zamani tunalifanya mara mbili: kwanza tunatafuta jibu la kweli, kisha tunatafuta kila jibu la uongo limezaliwa na kosa gani. Mara ya pili ndiyo inayochukua muda mrefu, na ndiyo inayofundisha. Mtu akikuta kosa analolifanya kila siku limeandikwa pale kama jibu, anacheka, halafu hacheki tena.

Wengine watauliza juu ya kubahatisha. Hesabu ni rahisi. Kwa majibu matano, anayebahatisha yote atapata karibu 20 kwa 100, na kufaulu kunaanza kwa 50. Lakini ukiwa umejifunza kiasi cha kuweza kukata majibu mawili ya uongo, yanabaki matatu, na nafasi yako inatoka moja kwa tano inakuwa moja kwa tatu. Hata bahati inamsaidia zaidi aliyesoma.

KICHWA NA KUSAHAU

Mwaka 1885 Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alitoa kitabu juu ya ukumbusho wa binadamu. Alijipima yeye mwenyewe. Alikariri mafungu ya silabi zisizo na maana, akangoja, akaangalia zilizobaki kichwani. Aliona kwamba tunasahau sana katika saa za kwanza na siku za kwanza, kisha kusahau kunapungua mwendo. Na aliona kwamba kujifunza kwa mara zilizogawanywa katika siku mbalimbali kunashinda kurudilia mara nyingi kwa siku moja.

Sisi tulikuwa tunafanya kinyume. Historia tunaiacha miezi miwili, kisha usiku mmoja tunaimeza yote, kutoka Mkutano wa Berlin wa 1884-1885 mpaka uhuru wa 30 Juni 1960, na asubuhi tunajiona wataalamu. Wiki inayofuata hakuna kitu.

Kuna jambo la pili, nalo lilitushangaza zaidi. Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya na wanafunzi. Kundi moja lilisoma habari fulani, kisha likairudilia kuisoma. Kundi lingine liliisoma, kisha likafunga karatasi na kujaribu kuandika lote linalokumbuka. Baada ya dakika tano, wale waliosoma tena walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: wale waliofunga karatasi na kujiuliza ndio waliokumbuka zaidi. Hapo tukaelewa udanganyifu wetu. Ukisoma kaye mara ya tatu, maneno yanapita kwa urahisi, unasema "hii najua". Hujui, umeizoea tu, kama unavyozoea sura ya mtu unayepishana naye njiani kila siku na hujui jina lake. Ukurasa ule wa dola 95 tulikuwa tumeuzoea hivyo, na hata kuuzoea hatukuuzoea vizuri!

Kwa hiyo tunafanya hivi. Tunasoma sehemu ndogo, kurasa mbili ao tatu. Tunafunga kaye. Tunachukua kipande cha karatasi, hata upande wa nyuma wa karatasi iliyokwisha kutumika, tunaandika yote tunayokumbuka. Kisha tunafungua na kusahihisha kwa biki nyekundu. Kesho yake, kabla ya kuanza sehemu mpya, tunaandika tena ile ya jana bila kuangalia. Baada ya siku tatu tena, baada ya wiki tena. Ni kazi chungu, sababu kila siku unaonyeshwa mambo uliyosahau, na hakuna anayependa hivyo. Kusoma tu ni kutamu zaidi. Mwenye kufanya hivi kwa dakika 40 anachoka kuliko mwenye kusoma saa mbili, lakini yule wa dakika 40 anabaki na kitu.

Tuna neno vilevile kwa wale wenye mapengo. Sisi wa kizazi hiki masomo yetu yamekatika mara nyingi. Mwezi wa tatu 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona, tulikuwa shule ya msingi; mwezi wa nane walirudishwa kwanza wale wa mwaka wa mwisho. Oktoba 2022, tulipokuwa tumeanza tu humanite, vita vilifika hapa Rubare na Kalengera, watu wakakimbia, na wengi wetu kaye zilibaki nyumbani. Kuna sura za hesabu na za kemia ambazo hakuna aliyetufundisha. Mtu mwenye pengo kama hilo anafikiri hana akili. Hapana. Akili anayo, ila daraja moja ya ngazi yake haiko, na kila siku anaanguka palepale. Mwenzetu mmoja alikuwa anaanguka katika derivée miezi yote, kumbe shida haikuwa derivée, ilikuwa sehemu (zile za juu na chini) za shule ya msingi. Alikaa siku nne na kitabu cha mdogo wake wa mwaka wa tano wa msingi, akiwa ameficha ganda lake kwa gazeti, na sasa anatupita. Andika katika karatasi sura ambazo hukuzisoma kamwe, uende kwa mwalimu nayo. Walimu wetu hawakasiriki kwa jambo hilo, tulijaribu.

USINGIZI

Katika kalasi zetu iko desturi ya kujisifu kwa kutolala. "Sasa we unalala? Benzako banasoma!" Mtu anakunywa kahawa nzito ya hapa kwetu, anaweka miguu katika beseni la maji baridi, anakesha na tochi ya simu. Huko Kinshasa wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanajifungia pamoja katika nyumba moja, wanaita "maquis", wanakesha usiku kwa usiku, na serikali imekataza jambo hilo, lakini bado wanalifanya. Nasi tulifanya maquis yetu ndogo kabla ya disertasio. Mmekwisha kusikia matunda yake.

Usingizi si wakati uliopotea. Kichwa kinapolala, kinapanga yale uliyojifunza mchana. Anayekata usingizi anakata kazi hiyo katikati. Na mtu asiyelala anasoma neno moja mahali pa lingine, anaona −3 mahali pa 3, anakasirikia wenzake, analia bila kujua sababu. Dada mmoja alituambia alifikiri anaanza kuwa na wazimu. Alilala usiku tatu mfululizo kwa amri ya shangazi yake, na wazimu ukaisha.

Mchungaji wetu wa shule alitusomesha habari ya Eliya katika 1 Wafalme 19. Nabii huyu alikuwa ametoka kushinda jambo kubwa sana mlimani Karmeli, na mara akasikia tisho la Yezebeli, akakimbia mpaka jangwani, akaketi chini ya mti, akaomba afe. Tulitazamia kwamba Mungu atamkemea, ao atampa hotuba. Malaika alimgusa na kumpa mkate na maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili na chakula kingine. Ni baadaye tu, akiisha kulala na kula mara mbili, ndipo alipotembea siku arobaini mpaka Horebu, na ni huko Mungu aliposema naye na kumpa kazi. Mchungaji alituuliza: "Katika habari hii, usingizi ni wa mvivu ao ni wa Mungu?" Hakuna aliyejibu. Nusu ya kalasi ilikuwa inasinzia.

Kuomba tunaomba, na kila asubuhi. Lakini tuseme na hili: wako wenzetu wanaofunga chakula siku tatu kabla ya egzame na kuingia chumbani mikono ikitetemeka. Hatuwezi kumkataza mtu kufunga. Tunasema tu kwamba mwezi mzima wa kufunga uko nyuma ya siku nne zile, anayetaka achague siku nyingine.

NYUMBANI

Hapa ndipo shida ya kweli ilipo, na vitabu vya namna ya kujifunza haviisemi. Mwezi wa sita ni mwezi wa maharagi kwetu. Mavuno hayangoji egzame. Kijana anatoka shuleni anaenda shambani. Dada anatoka shuleni, anateka maji, anapika, anaosha watoto, na anapofungua kaye ni saa tatu ya usiku, macho yamefunga. Nyumba nyingi hazina umeme, ijapokuwa mashine za maji za Matebe ziko karibu nasi, tangu 2015. Na juu ya yote iko minervali: elimu ya bure iliyotangazwa 2019 ilikuwa kwa shule za msingi, si kwetu, basi mwisho wa mwaka ndipo madeni yanapodaiwa, na mtu anafukuzwa siku ileile ya marudilio.

Tulifanya mkutano mdogo na wazazi, jumapili baada ya ibada. Tulikwenda tukiwa na manung'uniko mengi. Mama mmoja akasimama akasema neno lililotufunga midomo: "Mtoto akikaa na kitabu, mimi naona anapumzika. Hakuna aliyenionyesha kwamba ile ni kazi." Kweli, nani alimwonyesha? Yeye akilima, jioni mstari wa jembe unaonekana. Sisi tukisoma saa mbili, kinachoonekana ni mtu aliyeketi.

Tukaanza kuwaonyesha. Wengine wetu tunawapa mama zetu kaye mkononi, hata kama hawajui kusoma Kifaransa, tunawaomba watuulize kwa kufuata namba: "Namba ya kwanza, sema." Tunaeleza kwa Kiswahili, ao kwa Kinande, ao kwa Kinyarwanda, lugha ya nyumbani. Mama hajui kama jibu ni sawa, lakini anajua vizuri sana mtoto wake anapogugumia. "Hapo umekwama," anasema. Na ukiweza kueleza mzunguko wa damu kwa mama yako mpaka akauliza ulizo la maana, umeuelewa. Mama wa dada mmoja sasa ndiye anayemwamsha asubuhi. Tena anamwambia mtoto wake wa pili: "Leo maji utateka wewe, dada yako iko kazini."

Si nyumba zote zilikubali. Kwa dada wawili hakuna kilichobadilika, na hatuna jibu kwa ajili yao, ila kuwaandikia masomo waliyokosa na kuwawekea nafasi asubuhi. Tunaomba shauri la ninyi mnaosoma.

Juu ya minervali: tusijifiche porini siku ya kufukuzwa. Tulimwendea Bwana Prefe tukamwomba kwamba mwenye deni aandike pamoja na mzazi wake namna atakavyolipa maharagi yakiuzwa, kusudi abaki kalasini. Amekubali kuyatazama mambo hayo mtu kwa mtu. Basi mwenye shida aende na mzazi wake kabla ya kufukuzwa, si baada.

SIKU ZENYEWE

Machache tu. Vitu vyote viwe vimewekwa jioni: kadi, biki mbili, rula. Simu ibaki nyumbani, si mfukoni ikiwa imezimwa. Hairuhusiwi ndani ya senta ya egzame, na kwa ajili ya simu iliyozimwa mtu anaweza kutolewa kama yule mwenye simu inayowaka. Kula kitu, hata kiazi kimoja. Ukiingia, anza na maulizo unayoyajua, usikae dakika 15 juu ya la kwanza kwa sababu tu ni la kwanza. Na ukitoka siku ya kwanza, usisimame na wale wanaolinganisha majibu chini ya mti. Jana haisahihishwi, na kesho ni sayansi.

Makundi yetu ya asubuhi yanaanza Jumatatu, saa kumi na moja na nusu, katika kalasi ya tano, sababu ndiyo yenye madirisha mazima. Hesabu Jumatatu na Alhamisi, kemia na biolojia Jumanne, historia na jiografia Jumatano, Kifaransa na Kiingereza Ijumaa. Wanaokaa upande wa mbali wasitembee peke yao kukiwa bado giza. Wangojane kwa makutano ya njia. Wale 12 wamekubali kutuongoza katika hesabu, na hawakutuomba dola 5. Mwenye taa alete taa, na kila mtu alete karatasi zilizokwisha kutumika upande mmoja, nyingi kadiri awezavyo.